Cheti nilikuwa nacho, ila si chenyewe

Picha ilinifikia saa nne usiku, nimeshapanga makopo ya kesho. Aliyeituma ni binamu yangu aliyeko Dar es Salaam, na chini yake kaandika neno moja tu: "Hongera!" Alidhani nimefungua duka Kariakoo. Ilikuwa picha ya rafu, na juu ya rafu kopo la singo lenye kifuniko cha dhahabu, mawaridi ubavuni, na maandishi ya kijani: Singo Asilia ya Pemba. Nikaikuza kwa vidole viwili mpaka herufi zikaanza kuvunjika. Pale chini panapotajwa vilivyomo pameandikwa "karafuu, liwa, dalia, asumini, marashi ya mawarid". Mawarid, bila ya i mwishoni.

Kosa lile ni langu. Nililifanya mwenyewe mwaka 2016, nikiandika lebo ya mwanzo kwenye simu, ndani ya daladala ya kutoka Mwanakwerekwe. Kijana wa kuchapisha akalichapa kama lilivyo, lebo mia tano. Nikaona hasara kuzitupa, nikazitumia zote. Aliyeniiga hakukisoma anachokiiga. Alilichukua kopo langu akalipiga picha, akabadilisha namba ya simu, akapeleka kwa mchapaji wake. Katika lebo nzima, chake kilikuwa namba ya simu peke yake.

Sikulala usiku ule.

Kwa wasiokulia huku, singo ni unga wa maua na viungo anaosingwa nao bi harusi. Jina lenyewe limetoka kwenye kusinga. Mwari huwekwa ndani, na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, humsugua mwili kila siku kwa singo iliyokorogwa na marashi ya mawaridi, mpaka ngozi inakuwa laini na harufu inaingia mwilini na kukaa. Mamaangu kaifanya kazi hii Wete tangu sijazaliwa. Mawaridi na asumini huyaanika kivulini, kwa sababu jua, anasema, linakunywa harufu. Karafuu huzitwanga mwanzo, peke yake, kisha liwa, kisha maua yaliyokauka. Unga huuchekecha mara mbili: mara ya kwanza kwa chekecheke ya kawaida, mara ya pili kwa kipande cha ukaya wa marehemu bibi, kitambaa chepesi kiasi kwamba ukikiweka mbele ya taa unauona moto wake. Kinachobaki juu ya kitambaa hurudi kinuni. Mizani hana. Kipimo chake ni kiganja, na hajawahi kukosea.

Mimi nilichofanya ni kuitia singo ile kwenye kopo, nikaihamishia Unguja, nikaanza na meza moja Darajani. Baadaye hoteli mbili za Paje zikaanza kuchukua, na wanawake wa Bara wakawa wananiagiza kwa simu, natuma kwa boti. Yule mtu wa Kariakoo hakuja kutoka mbali. Boti zangu mwenyewe ndizo zilizompelekea kopo.

Siku ya tatu nikapanda boti ya asubuhi. Kwenye mkoba nilikuwa na cheti, nimekitia plastiki kisilowe: cheti cha jina la biashara, chenye muhuri wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, ile tunayoiita BPRA. Nilikibeba kama mtu anavyobeba hati ya nyumba. Mwenye duka hakuwa mkorofi. "Karibu dada, kaa." Akanipa maji, akakisoma cheti upande huu na upande huu.

"Hiki cha jina la biashara yako, tena ni cha Zanzibar," akasema. "Cha bidhaa kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza nani kamletea yale makopo, akasema mzigo unaletwa na watu wengi. Nikanunua kopo moja kwa pesa yangu, singo yenye lebo yangu, nikarudi na boti ya jioni. Nililifungua njiani. Ndani mlikuwa na unga wa ngano uliotiwa rangi ya manjano na mafuta ya karafuu ya kuungua pua. Hapo ndipo moyo uliponiuma hasa, kuliko pesa. Kuna mwanamke mahali fulani kamsinga mwanawe kwa ule unga, ngozi ikamwasha, na jina analolilaani ni lile aliloliona kwenye kopo.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo, ila si la mali ile.

Haya ndiyo niliyoyajua baadaye, na natamani ningeambiwa siku niliyosimama kaunta kuchukua kile cheti cha mwanzo. Jina la biashara linamtaja anayefanya biashara: fulani anauza kwa jina hili, anapatikana mahali hapa. Alama ya biashara inakaa kwenye bidhaa au huduma yenyewe. Inaweza kuwa neno, mchoro, au vyote viwili pamoja, na kazi yake ni kumwezesha mnunuzi kuitambua bidhaa yako kati ya za wengine. Hayo ni madaftari mawili. Zanzibar yote mawili yanawekwa na wakala ule ule, na nadhani ndiyo maana tunachanganya: ukishatoka na karatasi yenye muhuri unajiona umemaliza. Hujamaliza. Kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Zanzibar, namba 4 ya 2008, haki ya kuitumia alama peke yako inapatikana kwa kuisajili. Kwamba umeanza zamani, kwamba mtaa mzima unakujua, kwamba mamaako ndiye aliyefundisha nusu ya masomo wa Wete, ni maneno ya kumwambia jirani barazani. Mahakamani utaulizwa karatasi.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Usajili wa alama za biashara haumo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake na Mrajis wake, na Bara wana Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, inayosimamiwa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hata muda haufanani. Cheti cha kwetu kinadumu miaka 10 na kinahuishwa kwa miaka 10 mingine. Bara cha mwanzo ni miaka 7, kisha ndiyo unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Alama iliyosajiliwa Unguja haipandi boti, na iliyosajiliwa Dar es Salaam haishuki bandarini Malindi, Unguja. Mwenye kuuza pande mbili anasajili pande mbili, analipa pande mbili. Mimi hili linanikera na sitalificha. Boti ya kwenda Dar ni mwendo wa saa mbili, viungo, mafuta na sabuni za mwani vinavuka kila siku mikononi mwa wanawake wenye mtaji wa kopo arubaini, na wengi wao hawajui kwamba upande wa pili majina yao hayana mwenyewe.

Nilikwenda kwa wakili mmoja, mwanamke, ofisi yake iko Vuga. Nilidhani nitamweleza yaliyonikuta, aandike barua, yule mtu wa Kariakoo aogope. Yeye akasema, "Liweke hilo kopo mezani, bibie." Akachukua penseli.

Akaanza na neno la kwanza. Singo. "Hili jina la kitu. Kila anayetwanga ana haki nalo." Akalipiga mstari. Asilia. "Hii ni sifa. Na mwenzako naye atasema yake ni asilia." Mstari. Ya Pemba. "Hapa ni mahali, na mahali pana watu." Mstari. Juu ya kopo nilikuwa nimeweka bendera ya Zanzibar, kwa mapenzi tu, na kwa sababu watalii wanaipenda. Akaizungushia duara: bendera na nembo za dola haziingii kwenye alama ya mtu bila ya idhini ya wenye mamlaka. Kifuniko cha dhahabu na mawaridi navyo akavipiga mstari, akasema ni mapambo, kila duka la manukato linayo.

Nikaliangalia kopo langu. Kilichobaki bila ya mstari kilikuwa namba ya simu.

Wiki nzima nilikuwa na hasira na yule mwanamke. Nilimwona anasimama upande wa mwizi. Kisha siku moja nikapigiwa simu na Mama, ananieleza habari za jirani yake ambaye naye kaanza kuuza singo, tena kaitia kwenye mifuko mizuri, na Mama kamsaidia kuchagua karafuu. Alikuwa anafurahi. Nikajiuliza: kama sheria ingenipa mimi neno singo, yule jirani ningemfanya nini? Ningemwandikia barua? Na Mama mwenyewe, ambaye hajawahi kuwa na kampuni? Singo ina umri mkubwa kuliko sisi sote. Bibi yangu kaikuta. Sheria inapokataa kumpa mtu mmoja jina la kitu, wanaolindwa ni wale wale wanawake wa Wete waliomlea huyo anayeomba. Nikampigia wakili nikamwomba radhi. Akacheka, akasema wateja wake wengi hupita njia ile ile.

Jina la Pemba nalo lina njia yake. Sheria hiyo ya 2008 imeweka nafasi ya viashiria vya kijiografia, yaani jina la mahali kulindwa kwa ajili ya wazalishaji wa pale kwa pamoja, pale ambapo mahali ndipo panapoipa bidhaa sifa yake. Karafuu ndiyo inayomjia kila mtu akilini. Mimi naota siku moja singo nayo ifike huko, lakini hilo ni la watu wengi kukaa pamoja na kukubaliana kanuni. Halifanywi na mtu mmoja mwenye meza Darajani.

Sasa nikawa na kazi ya kutafuta jina. Aliyenifungua macho ni kanga. Mama hanunui kanga bila ya kusoma pembeni yake, akitafuta K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Nimelisoma neno lile tangu niko skuli na sikuwahi kulifikiria. Halisemi kanga ni nzuri wala rangi haichuji, halisemi pamba. Linasema hii imetoka kwa nani, basi, na mwanamke wa Pemba akiliona anatoa pesa. Uzuri wa kanga anaujua kwa kuivaa. Alama inamwambia arudi wapi.

Na kuna vespa. Kwa Kiitaliano vespa ni nyigu. Nyigu na pikipiki wapi na wapi? Lakini ndiyo nguvu ya alama ile: kampuni ya Piaggio iliipa pikipiki yake jina la mdudu mwaka 1946, na hakuna mtengenezaji mwengine aliyehitaji neno nyigu ili aeleze chombo chake. Wakili wangu alinifahamisha kwa maneno hayo hayo. Jina likiwa mbali na bidhaa, lina nguvu. Likiieleza bidhaa, ni dhaifu. Sisi wafanyabiashara wadogo tunafanya kinyume kabisa. Tunataka jina liseme kila kitu, mnunuzi asiulize: Sabuni Safi, Asali Tamu, Ngozi Laini. Tunajiona wajanja, kumbe tunachagua majina ambayo hatutaweza kumzuia mtu nayo.

Niliandika majina kumi na manne kwenye daftari na nikayafuta yote. Jina nililipata Wete, mwezi wa karafuu, majamvi yametandikwa njia nzima na harufu inakupokea kabla ya watu. Mama alikuwa uani anachekecha. Kaushika ukaya wa bibi kwa mikono miwili, anautikisa taratibu, na unga unashuka kwenye sinia kama moshi unaorudi chini. Ukingo wa kitambaa umetiwa viraka vitatu kwa uzi wa rangi tofauti. Nikasema kwa sauti, "Ukaya." Mama akadhani nautaka, akanambia nisubiri amalize.

Wakili akafanya upekuzi kwenye daftari la alama. Huangaliwa jina lenyewe, na huangaliwa pia yanayofanana nalo kwa macho, kwa masikio na kwa maana, kwani kinachotazamwa ni kama mnunuzi atachanganyikiwa. Halikuwepo. Mchoro wa kitambaa kilichoning'inia alinichorea kijana wa mtaani, na hapa nina nasaha: niliandikishana naye karatasi kwamba haki ya mchoro kanikabidhi. Kulipa pesa ya kuchorewa hakutoshi. Hakimiliki huanza kwa mchoraji, na msipoandikiana mnaweza kugombana mkiwa mmeshapendwa na watu.

Kisha madaraja. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawiwa kwenye madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, kwa mkataba uliofanywa mji wa Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Alama inalindwa kwa daraja uliloombea. Singo inakaa daraja la 3, pamoja na sabuni, manukato, mafuta ya kunukia na udi. Chai ya viungo ni daraja la 30. Ningetaka kumlinda pia somo anayekwenda kumsinga bi harusi nyumbani kwa jina langu, hiyo ni huduma, daraja la 44. Nilikuwa na pesa ya daraja moja, nikaomba la 3. Ombi hukaguliwa, hutangazwa, na mwenye kuona haki yake imeguswa huweka pingamizi ndani ya muda uliowekwa. Muda ule wa kungojea ulikuwa mrefu kwangu. Kila simu nisiyoijua namba yake nilidhani ni mtu wa pingamizi. Kijana wa kuchapisha akataka kunitilia ile herufi R ya ndani ya duara kwenye lebo mpya, ipendeze, nikamkatalia. R ile ni ya alama iliyokwisha kusajiliwa, na kuitia kabla ni kuwadanganya watu.

Cheti kilipotoka nikaomba na Bara, BRELA, kwa jina lile lile na mchoro ule ule.

Singo Asilia ya Pemba bado inauzwa Kariakoo. Mawarid bado hayana i. Sikuipata tena na sikuigombania, kwa sababu haikuwa yangu kisheria, na wateja walioondoka nayo wengine hawakurudi. Hoteli moja ya Paje iliniacha, meneja akasema jina jipya wageni hawalijui. Mwaka mzima niliandika chini ya lebo, kwa herufi ndogo, "zamani Singo Asilia ya Pemba", na nilikuwa naipigia kila duka simu kueleza. Kubadilisha jina baada ya watu kukuzoea ni kama kuhama mtaa: wageni wanaendelea kubisha mlango wa zamani.

Lakini mwaka uliofuata likatokea kopo jengine huko huko, limeandikwa Ukaaya, kwa a mbili, na kitambaa kimeinamia upande wa pili. Safari hii sikupanda boti. Wakili aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatanisha nakala ya cheti cha Bara, ikapelekwa dukani. Baada ya wiki mbili binamu yangu akapita, akanitumia picha ya rafu ile ile. Palikuwa na sabuni.

Mama nilimpelekea cheti nikamsomea. Akaniuliza kama sasa ule ukaya wa bibi ni wa serikali. Nikamwambia la, ni wake, na neno ni la Waswahili wote kama lilivyokuwa, ila kwenye kopo la singo ni letu. Akafikiri kidogo. "Basi uandike vizuri," akasema, "usije ukakosea herufi."

Juzi Darajani kaja msichana, mdogo, anamnunulia dada yake anayeolewa Ijumaa. Hakuangalia kopo wala bei. "Bi mkubwa, nipe ukaya mbili."

Nilifurahi, Mungu anajua, kiasi cha kutaka kumpa la tatu bure. Na hapo hapo nikazikumbuka pikipiki zote zilizopita nje, za kila kampuni, ambazo mji mzima unaziita vespa, na wakili aliyenionya kwamba alama ikigeuka kuwa jina la kitu chenyewe mwenyewe anaweza kuipoteza.

"Singo ya Ukaya, mwanangu," nikamwambia. "Mbili, sio?"